Sanduku la Mzee wa Keya

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Swahiba wangu Baba Mwajuma,

Salaam nyingi kutoka huku pwani. Nyumbani hatujambo, na Mama Rukia anashukuru sana kwa yale maharage. Nakuandikia kwa karatasi, wala si kwa simu, kwa kuwa humu ndani ya bahasha nimetia nakala ya cheti ambayo nataka uishike mkononi uwaoneshe watu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnadani Upanga. Vilikuwa vyombo vya nyumba ya marehemu mmoja aliyependa vitu vya kale. Watoto wake wako ng'ambo, wakamwachia dalali auze kila kitu. Makochi, friji, cherehani ya mkono, na mlango wa nakshi umeegemezwa ukutani. Mlango ndio uliojaza watu. Mgeni mmoja alikuwa akiulizia nauli ya kuupeleka kwao, nikamwambia kuwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na kwamba hautoki nchini bila kibali. Dalali alinikata jicho. Sikujali, maana milango hiyo inakwisha tukiiangalia.

Mimi nilikuwa nimeliona sanduku dogo la mbao chini ya meza. Dalali aliliita “sanduku na vikorokoro vyake”, akaanzia shilingi elfu ishirini. Ndani mlikuwa na nyota mbili za rangi ya shaba na nishani mbili nyeupe, tepe zimepauka. Utepe mmoja ni wa buluu iliyoiva, una mstari mpana mwekundu katikati na kimistari cha rangi ya chungwa kila upande. Nikajua hapo hapo: ni wa nyota ya waliopigana Burma katika vita ya pili. Niliyeshindana naye ni kijana wa vyuma chakavu, alikuwa akilipima sanduku kwa kulinyanyua. Tulipandishana dau hadi laki moja na themanini na tano, dalali akaita mara ya tatu, likawa langu. Najua utasema ni hela nyingi. Ningefika laki tatu.

Sasa sikiliza shida yake. Nishani za vita ya kwanza zina jina. Ile moja niliyokuonesha ulipokuja, ya fedha, ukiizungusha unasoma ukingoni namba ya askari, cheo, jina na K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki tuliloliita Keya. Lakini nyota za vita ya pili walizopewa askari wa Keya kwa kawaida hazikuchorwa jina. Ukiziokota njiani huwezi kujua zilivaliwa na nani. Na hata zile zenye jina hazikusalimika: zina kama aunsi moja ya fedha, na bei ya fedha ilipopaa mwishoni mwa 1979 na mwanzoni mwa 1980, nyingi sana duniani ziliyeyushwa pamoja na majina yake.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani sikuanza na nyota, nilianza kulipekua sanduku. Chini ya kitambaa palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, mchwa wamekula pembe moja. Cheti cha kuachishwa jeshi! Jina lipo, namba ipo, na kijiji kipo: upande wa Peramiho. Nilikaa nacho mpaka usiku wa manane. Huyu ni mtu aliyetoka huko kwenu Songea akavuka bahari, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, katika mvua za masika ya kule, matope hadi magotini, wakielekea mto Chindwin. Akarudi. Nishani zake zikaja kukaa chini ya meza Upanga.

Jumatatu nilipita kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora. Nimeipita maisha yangu yote. Imesimama tangu 1927, maandishi yake yamo kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na kwa Kiingereza, yanawataja askari na wapagazi wa vita ya kwanza. Jina la mtu hata mmoja halipo. Nilisimama pale na nakala ya cheti mfukoni, mimi nina jina.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale amenipigia mara mbili anataka nyota ya Burma peke yake. Nimekataa. Nishani za mtu mmoja hazitenganishwi, na karatasi ndiyo inayozishika pamoja. Wala sijazing'arisha, nimezifuta vumbi kwa kitambaa kikavu tu, weusi wake ni umri wake.

Ninachokuomba: ukipata nafasi nenda upande huo, waulize wazee kama ukoo huu upo. Wewe umefundisha kule miaka mingi, watakusikiliza. Tafadhali usianze na habari ya nishani, watu wataibuka wengi. Anza na jina, kisha uliza kama kuna babu aliyekwenda Burma. Aliye wa ukoo ule atakutajia kitu ambacho hakimo kwenye nakala niliyokutumia. Namba ya jeshi nimeifunika makusudi, pengine kuna mtu ameitunza.

Wakipatikana, nitapanda basi nilete sanduku mwenyewe. Sitadai ile laki na ushee. Wakiamua liende Makumbusho ya Maji Maji, ni lao. Wakiamua likae kabatini kwao, ni lao pia. Ila nawaomba wanisimulie habari za mzee, nami niziandike.

Kwa sasa liko juu ya kabati la vitabu, mbali na unyevu. Wasalimie wote, na mwambie Mwajuma kitabu chake nimekipata.

Ni mimi swahiba wako wa Kariakoo