YAH: MKEKA WA MBAO MLIOSEMA HAUSHIKI MOTO

Kwa meneja,

Salaam aleikum. Mie ni kastoma wenu wa hapa Majengo, mkeka wa plastiki wenye picha ya mbao, ule wa kugandishwa sakafuni kwa gamu, nliununua kwenu mwezi uliopita, mita mraba 12 kwa 1,500 kila moja, jumla 18,000, nimelipa kwa M-Pesa na risiti ninayo. Kwenye tangazo lenu mmeandika kwa herufi kubwa HAUSHIKI MOTO, na yule kijana wenu alipokuja kupima nlimwonyesha kwa kidole, mwanangu, hapa ndipo seredani yangu inapokaa, napika mikate ya sinia ya kuuza, makaa chini makaa juu, utahimili kweli? Akanambia mama wewe weka tu. Akatoa kiberiti akachoma kipande mbele yangu, haukuwaka, nikaingia boksi.

Wiki mbili hazikufika. Napalia makaa juu ya kifuniko, kaa moja likaponyoka kwenye koleo, dogo hata kokwa ya tende ni kubwa, nimeliokota hapo hapo lakini lishatoboa, na ule moshi wake unawasha macho na koo mpaka mjukuu wangu mwenye pumu nikamtoa nje. Na pale seredani inaposimama, bila ya kaa lolote kuanguka, mkeka umefura kama chapati na gamu chini imeachia.

Nikawatumia picha WhatsApp. Siku tatu kimya, halafu ndio najibiwa "mama mkeka haujashika moto, umeyeyuka tu, waranti haihusu kuyeyuka". Ati umeyeyuka tu! Sasa mie nifurahi?

Huo ni plastiki, PVC iliyochapwa picha ya mbao. Mwanangu ni fundi bomba, wao wakitaka kukunja paipu ya PVC wanaipasha moto kidogo tu inalegea. Nyuzi 80 hivi ishaanza kulainika, na kaa jekundu linapita 500. Kuzimika kiberiti kikiondolewa ni kweli, sibishi, lakini hilo si jibu la swali nlilouliza.

Dadangu yuko Uingereza, nyumba yao ina ule moto wa ukutani wenye dohani, na mwongozo wa kanuni za ujenzi za huko unataka mbele ya moto wa wazi kuwe na jiwe au zege lililotokeza si chini ya sentimita 50, na zulia lisisogee karibu na moto. Na hapa kwangu marehemu babangu alimwaga simiti miaka hiyo, imeangukiwa na makaa sijui mara ngapi haijawahi kulalamika, mie ndio nlioifunika kwa tamaa ya urembo. Kijana wenu angesema tu mama hapa tukate, acha simiti ama weka vigae, mita moja mraba, mngekosa 1,500 basi.

Nataka pesa ya jikoni, mita 4, yaani 6,000, na fundi aje akwangue ile gamu mpaka simiti ionekane. Na yale maneno kwenye tangazo yatoeni, kuna wengine wanapikia chini na watoto wanalala chumba hicho hicho.

Fundi aje baada ya alasiri, asubuhi niko sokoni. Na asije amebeba kipande chengine cha mkeka.

Mama wa mikate, Majengo