Barua kwa mwanangu: hiyo CV moja usiitume kila mahali

Marahaba mama, huku wote wazima. Ile CV uliyonitumia WhatsApp nimeisoma yote, na lile tangazo la kazi ya stoo ya dawa Dodoma nalo nimelisoma, tena hilo nimelirudia. Nikuambie ukweli, hivi vitu viwili havijuani kabisa. CV ni ileile uliyotuma kule benki ukatuma na kiwanda cha saruji, hujabadilisha hata nukta.

We unajua mi nimekaa masijala miaka yote, maombi ya kazi yakipita mkononi mwangu kabla hayajafika kwa bosi, nimeona mtu mwenye rundo mezani anavosoma: anaangalia juu ya ukurasa wa kwanza, basi. Akikutana na "mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwenye presha" anafungua ya mwingine manake wote wameandika hivohivo.

Umetumwa dukani chumvi usirudi na sukari, hata kama ni nzuri. Chukua tangazo ulipigie mistari. Hawa wanataka mtu wa kupanga dawa kwa FEFO, yaani zinazowahi kuisha muda zitoke kwanza, wa kuhesabu stoki kila mwisho wa mwezi, anayejua Excel, aliyesajiliwa na PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na wakaongeza kwamba akiujua NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kimtandao, itakuwa vizuri zaidi. Karibu vyote unavyo ila umevificha! Usajili wa bodi upo ukurasa wa tatu, chini ya hobi, eti unapenda kusafiri na kuangalia muvi. Shule ya msingi imekula mistari mitatu, sasa darasa la saba nani anauliza saa hizi.

Kilichoniuma zaidi ni ile fildi. Umeandika "fildi, stoo ya hospitali ya mkoa" ukaishia hapo, wakati kipindi kile ulikuwa unanipigia jioni huachi kuhadithia, mara mmekuta maboksi ya dripu yamesukumwa ukutani yanakaribia kuisha muda huku mapya yapo mbele ndo yanayotoka, mara umeyatoa yote umepanga upya yanayowahi kuisha yakae mbele, ukashika bin kadi, zile kadi za kuandikia dawa zilizoingia na kutoka, moja moja kuangalia kama namba ya kwenye kadi ndo maboksi yaliyopo kwenye rafu. Mama, hiyo ndo FEFO yenyewe! Andika sasa: nilipanga upya dawa na dripu kwa kufuata FEFO, nililinganisha bin kadi na mzigo uliopo, nilisaidia kujaza fomu za kuagiza dawa MSD (bohari ya dawa ya serikali). Iweke kwa Kiingereza kama tangazo lilivo, ipande ukurasa wa kwanza pamoja na usajili wa bodi. Na hesabu ya stoki mliyofanya mwisho wa mwezi sema mlifanyaje, ile leja uliyoichora kwenye Excel usiiache, kuandika tu "najua kompyuta" hakusemi kitu.

Halafu maneno tumia yaleyale waliyotumia wao. Mashirika mengine CV inapita kwanza kwenye programu ya kompyuta inayotafuta maneno ya tangazo, wao wameandika usimamizi wa inventori we umeandika mambo ya stoo, binadamu ataelewa ni kitu kimoja ila programu inaweza isielewe. Na hayo majedwali na vibox vya rangi ulivopakua sijui wapi toa, vinaichanganya. Dini na hali ya ndoa kama hawajauliza toa pia, kurasa mbili zinatosha.

NeST usidanganye. Najua umeisikia darasani, kwamba ilikuja 2023 kushika nafasi ya TANePS, ule mfumo wa zamani, lakini hujawahi hata kuifungua. Andika umesoma mifumo ya ununuzi wa kimtandao, ndo ukweli wako. Ukiandika umeitumia watakuuliza kwenye intavyuu zabuni unaipandishaje, utamjibu nini mtu wa watu?

Za serikali ni habari nyingine, kule Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, unajaza sehemu zao moja moja, wanataka wadhamini watatu na vyeti vyenyewe, ile karatasi ya matokeo ya muda hawapokei, kwahiyo usije ukaikata ya huko kama hii. Hii ya zamani ndefu usiifute, iache kwenye kompyuta iwe ghala lako, kila tangazo likija unachota humo kinachohusika.

Na yule mtunza stoo uliyemweka mdhamini mpigie leo. Mwambie umeomba kazi gani, mkumbushe na habari ya zile dripu, wasije wakampigia simu akaanza kuuliza huyo binti ni yupi.