Nani kawaambia mgonjwa lazima achague?

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako kimya kimya ila ile ripoti yenu ya maumivu sugu imenishinda. Mwandishi katupanga kama timu mbili, huku wanaomeza dawa, kule wanaovuta pumzi na kufanya yoga, halafu eti mgonjwa achague.

Mimi mgongo unaniuma miaka sasa. Daktari mmoja aliangalia picha ya MRI akasema hamna kitu hapa, ni stresi, nenda kapumzike, hata sijavaa viatu kashaita mgonjwa mwingine. Nililia koridoni. Na nyie mnarudia yale yale, kwamba kama mazoezi ya akili yanamsaidia mtu basi maumivu yake ni ya kufikiria. Jamani! Maumivu yakishapita miezi 3 mara nyingi jeraha lilishapona zamani ila neva na ubongo vinaendelea kulalamika, watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza tangu 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti la kupitishia maumivu na ubongo una uwezo wa kulibana au kuliachia, ndo maana hofu na kukosa usingizi vinazidisha na kutulia kunapunguza, mwili ni huo huo mmoja, na ndo maana pia unaweza kuandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, dozi ndogo usiku, sio kwamba umeonekana una kichaa, inatuliza neva. Mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kwa maumivu yasiyo na chanzo cha kuonekana umetaja mazoezi, tiba ya mazungumzo na dawa za aina hiyo, vyote. Mimi dawa ndo ilinirudishia usingizi, na usingizi ndo ulinipa nguvu ya mazoezi na ya kukaa na mshauri.

Na wauza dawa nao! Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, unapewa dirishani bila swali, hakuna anayejali kama una vidonda vya tumbo, figo zikoje, umeanza kuimeza lini.

Naomba hivi, mkiandika tena habari hizi mpeni kwanza mtu anayeishi na maumivu azisome kabla hazijachapwa. Na toleo lijalo, ukurasa ule ule, wekeni kwa herufi nene kwamba mtu asiache dawa ghafla bila daktari wake, maana kuna waliosoma ripoti ile wakaweka gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, pembeni usiku huo huo.

Msomaji wenu wa siku nyingi