Kwa maafisa mifugo vijana: msiuzoee ugonjwa

Wanangu mnaoanza kazi ya mifugo,

Nawasalimu kwa mapenzi. Nasikia mnasifiwa vijijini kwamba ng'ombe akianguka, hata usiku wa manane, mnafika na sindano. Hongereni. Lakini ukishatibu ukaondoka bila kuuliza ugonjwa umetoka wapi, mwakani utaitwa zizi lilelile.

Kumbukeni Unguja. Miaka mingi mbung'o walieneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua ng'ombe, pale na wafugaji wakajipanga kuishi nao: walikwepa malisho ya kando ya misitu, wakaogopa kufuga ng'ombe wa kisasa wa maziwa, wakanunua dawa. Kila mpango ulikuwa na akili yake, na mbung'o wakabaki palepale.

Baadaye ng'ombe wakapakwa dawa ya wadudu na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa porini. Mbung'o wakapungua sana, ila msitu wa Jozani ukabaki ngome yao. Wengi tungeandika ripoti kwamba wamepungua, tukafunga kazi. Wataalamu wale hawakutosheka. Tanga wakafuga mbung'o kwa wingi, wakawapiga madume mionzi ili wawe tasa, kisha wakawamwaga kisiwani kwa ndege. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja. Akikutana na dume tasa, uzao wake umekatika. Kati ya 1994 na 1997 walimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Mtaniambia Unguja ni kisiwa. Kweli, bahari ilisaidia. Bara ukiwaua huku wanaingia kutoka kule. Kupe nao hamtawamaliza. Ila ndigana kali, ugonjwa wanaoueneza kupe hao, ikirudi kila masika kijiji kilekile, mara nyingi chanzo chake mnaweza kukifikia kwa miguu: josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe lililopasuka, ng'ombe wa mnadani aliyeingizwa zizini bila kukaguliwa, au dawa iliyozidishiwa maji, ambayo huua kupe dhaifu na kuwaacha sugu wazaane. Hili la dawa linaniuma kuliko yote, maana mfugaji ameilipia.

Daftari la matibabu mnalo. Ongezeni safu moja: ugonjwa umetoka wapi. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, isomeni safu hiyo mbele ya mwenyekiti na wafugaji, na msikubali kikao kifungwe kabla hajatajwa mtu wa kulikarabati josho na siku ya kuanza.