Kabla hamjanunua vile viti

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku, na shikamoo zangu zifikishe kwa wazee wote hapo Morogoro. Sisi hatujambo, mafua ya watoto tu na hili joto unalolijua. Mama mkubwa ameruhusiwa, yuko nyumbani, anakula vizuri na kugomba ameanza upya, kwa hiyo ujue amepona.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya ule ujumbe wa sauti wa Ijumaa. Kwamba kikundi kimefikisha zile fedha, mwenyekiti amepata duka Kariakoo la bei ya jumla, mnunue viti mwendo vya aina moja, mje mkabidhi mwezi ujao, na mimi niwatafutie shule au kituo chenye watoto wenye ulemavu. Mungu awazidishie, Mwanaidi. Najua hizo hela zimetoka kwenye vitumbua na mboga, hakuna hata shilingi iliyookotwa. Ndiyo maana nakuomba, na nakuomba sana: msinunue kwanza.

Unamkumbuka mtoto wa Zuhura, yule wa katikati. Alichelewa kulia alipozaliwa, baadaye wakaambiwa ni mtindio wa ubongo. Misuli inakaza, shingo haijatulia. Mwaka juzi walikuja wafadhili fulani mtaani, na turubai, na wapiga picha, akapewa kiti kipya kinachong'aa. Sote tulishangilia. Kumbe kiti ni cha mtu mzima. Ukimkalisha, nyonga zinateleza mbele, miguu inaning'inia, mgongo unalalia upande mmoja. Zuhura akawa anamfunga kanga kifuani ili asianguke. Siku moja niko pale tunamenya viazi, mtoto akateleza, kanga ikapanda mpaka shingoni. Nilimfungua mimi mwenyewe. Hakufa, alhamdulillah, lakini tangu siku ile kila nikiona picha za makabidhiano ya viti nawatazama watoto miguu kwanza, kama nyayo zimefika pa kukanyagia. Mara nyingi hazijafika.

Baadaye Zuhura alielekezwa CCBRT, ile hospitali ya watu wenye ulemavu pale Msasani, nikamsindikiza. Wako kwenye kazi hii tangu 1994 na inaonekana. Yule binti wa mazoezi hakuleta kiti kwanza. Alimlaza mtoto, akamkunja goti polepole, akamkunja nyonga, akitafuta misuli inaanza kukaza wapi. Ndipo akamkalisha, akachukua futi kama ya fundi cherehani: upana wa nyonga, paja mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino, kimo cha mgongo. Akanishika mkono, akaniwekea vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti la mtoto. Akasema nafasi ni hiyo. Ikikosekana, ukingo unamsukuma ateleze. Ikizidi sana, paja linakosa pa kulalia. Na mkanda unapita nyongani, kifuani hapana.

Alipopata kiti cha vipimo vyake, mabadiliko ya kwanza tuliyaona kwenye kula. Zamani Zuhura alikuwa anamlisha uji akiwa amelala chali mapajani, kichwa kimerudi nyuma, anapaliwa kila kijiko. Tulidhani ndiyo hali yake, na kifua kilikuwa hakimwishi. Kumbe chakula kinapotea njia kinaingia kwenye mapafu. Sasa anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, anameza. Yaani kiti kile ni dawa yake, Mwanaidi, na dawa huwezi kugawa ya aina moja kwa watoto wote eti kwa sababu bei ya jumla ni nafuu.

Wala si maneno yangu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwa nchi kama zetu, wakahesabu hatua 8 za kumfikisha mtu kwenye kiti chake. Kumpima imo, kuifundisha familia imo, na ya mwisho ni matengenezo na kumfuatilia baada ya kumpa. Makabidhiano yenu yanaishia kwenye picha. Nisamehe kusema hivyo, lakini wewe ndiye mweka hazina, nisipokwambia wewe nimwambie nani?

Halafu kuna mchanga. Viti vya dukani vile vina vigurudumu vidogo mbele, vizuri kwenye sakafu ya hospitali. Huku kwetu vinazama hatua ya kwanza tu nje ya mlango. Kuna vya magurudumu matatu, la mbele liko mbali na ni kubwa, hivyo vinapita. Na mtoto anakua! Kiti cha leo mwaka kesho kinambana, mpira unapasuka, fundi baiskeli wa hapa kwetu anauziba vizuri tu, ila anataka hela yake. Nani ataitoa?

Nauli ndiyo inayoniuma zaidi. Mazoezi hayafanyiki mara moja yakaisha, mama anarudi na kurudi, anafundishwa kumnyoosha mtoto, kumgeuza, kumkalisha, akayafanye nyumbani kila siku. Sasa toka Mbagala mpaka Msasani na mtoto wa miaka sita mgongoni, daladala zaidi ya moja, konda anakuona anapiga bodi gari iondoke. Bajaji ni hela ya chakula cha nyumba nzima. Mama Shafii kijana wake alizaliwa na nyayo zimepinda. Hiyo inatibika kabisa, unafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, baadaye viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, kisha usiku tu mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Plasta alimaliza. Kwenye viatu nauli ikakata, mtoto akakua vikawa vidogo, hakurudi kuchukua vingine, na miguu imeanza kurudi ilikotoka. Kilichokosekana ni nauli, Mwanaidi. Nauli!

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya, mtayapima. Watoto wawe wachache, lakini kila mmoja apimwe na mtaalamu ndipo kiti chake kinunuliwe. Fungu jingine liwe la nauli za mazoezi na matengenezo, apewe mama mkononi, kidogo kidogo. Afisa ustawi wa jamii anawajua watoto wa kata hii, nitamwona wiki hii, na Zuhura yuko tayari kuzunguka na mimi. Kuhusu turubai na mgeni rasmi… hayo tuyaongee kwa simu.

Mwenyekiti amekwishalipa kianzio pale dukani? Kama amelipa, watakubali kurudisha? Fedha ziko benki au kwenye simu ya mtu? Wanakikundi watakubali kusaidia watoto wachache, au watasema tumepunguza sadaka? Nije nizungumze nao mwenyewe siku ya kikao? Na yule shemeji yako aliyesomea utengenezaji wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, bado yuko kazini huko, anaweza kutushauri tuanzie wapi? Nijibu kabla ya Alhamisi, maana nikishamwona afisa nitahitaji kumwambia jambo la uhakika.

Wako,
Tatu