Barua kwa mdogo wangu aliyeko Doha: mtoto haendi bodingi

Mdogo wangu,

Hii ningekutumia kwa wotsap lakini wewe voisi yangu ikipita dakika mbili husikilizi, unaniandikia tu "sawa dada" na mimi najua hujasikia kitu. Kwa hiyo nimeamua kuiandika hapa mbele ya watu, jina lako sitaji, wanaokujua watakujua. Na pia wako wengi kama wewe, wako Doha, wako Dubai, wengine wako Kampala hapo tu, wanalipa skulfizi vizuri Mungu awabariki, halafu kila mwisho wa muhula wana swali moja tu: amepata agrigeti ngapi?

Binti yako ninayekaa naye hapa Busia amepata 23. Haya, nimekwambia, sasa tulia usome mengine.

Najua hesabu yako, usinifundishe, agrigeti ni jumla ya masomo manne, kila moja 1 mpaka 9, kwa hiyo 4 ndiyo ya juu kabisa na 36 ndiyo ya mkiani na fasti gredi inaishia 12, kwa hiyo 23 kwako wewe ni aibu ya ukoo. Ndiyo maana wiki iliyopita ukatuma kwa grupu la familia ile picha ya shule ya bodingi ya huko upande wa Mukono, geti limepakwa rangi, basi la njano, ukaandika "Januari anaenda huku kumalizia P.7", lile darasa la mwisho la praimari. Na ndugu zetu wote wakaweka vidole gumba, hata yule ambaye wake amerudia P.5 mara mbili. Mimi sikuweka. Nilikuwa nawaza hela ya muhula inayopita milioni, na bado hujahesabu godoro, ndoo mbili, jerikeni, rimu za karatasi, mifagio, toilet pepa za darasa zima, sukari kilo sijui ngapi. Lakini si hela, usije ukasema dada analilia hela. Ni kwamba huyu mtoto wewe humjui. Unajua ripoti yake.

Uliondoka yeye ana miaka sita. Shule zikafungwa Machi 2020 ndiyo kwanza ameanza P.1, zikaja kufunguliwa kabisa tarehe 10 Januari 2022, wiki 83 wanasema, hakuna nchi nyingine duniani iliyokaa hivyo. Wewe huko ulikuwa unasikia kwa redio, mimi nilikuwa naye hapa ndani. Mtoto alikuwa anazunguka na wenzake kwa foleni ya malori anauza njugu kwa kikombe, mpaka wetu wa Busia, Uganda na Kenya, umejaa magari marefu yanangoja vipimo vya korona, na mimi namwacha maana hata mimi nilihitaji zile mia tano mia tano. Mwalimu wake wa P.1 alikuwa anakaanga chapati kando ya barabara. Wakarudi shule, wote wakapandishwa darasa, Mama akawa P.2 hajui kutofautisha b na d. (Kwa msiojua, huyu mtoto tunamwita Mama kwa sababu amepewa jina la mama yetu, ndiyo desturi, usishangae mtu mzima kama mimi kumwambia mtoto "Mama njoo kula".)

Sasa yule yule mwalimu wa chapati alirudi. Wengi hawakurudi, walishaona biashara inalipa, huyu alirudi na akawa anawabakiza watoto wa P.2 na P.3 baada ya kengele, chini ya ule mwembe, ndiyo, ule ule mwembe wako, anawasomesha herufi na vifuniko vya soda. Hakuna mtu alimlipa. Ilipofika P.4 Mama alikuwa ananisomea meseji za wateja. Kwa hiyo ukiniambia 23, mimi nahesabu kutoka kule alikotoka.

Na huo mwembe nisiupite hivi hivi. 1997 serikali ilipoleta UPE, ile elimu ya praimari ya bure, ilikuwa watoto wanne kwa kila nyumba, sisi tulikuwa sita. Mzee alikaa na karatasi usiku mzima. Mimi nilikuwa P.6, akasema huyu ameshajua kusoma na kuandika inatosha, nikaenda kuuza mukene, dagaa wetu, na mama, na nafasi ya nne ikawa ya kwako wewe, P.1, chini ya mwembe huo huo, kaptula imefungwa na kamba. Sikulaumu na sikuwahi kukulaumu, ulikuwa na miaka saba. Lakini hiyo shule unayoiita leo "ya bure haina kitu" ndiyo ilikufundisha kujaza ile fomu ya viza.

Haya, mambo ya muhula huu.

Riadha nitapita haraka maana Mama hakimbii, amechukua miguu yetu. Kuna mtoto wa P.5, baba yake ni fundi baiskeli karibu na stendi, yule msichana anakimbia mita 800 kama anafukuzwa na nyuki, ameshinda hapa kwetu akaenda mpaka ngazi ya wilaya akarudi wa tatu, bila viatu. Tangu Peruth Chemutai alete ile dhahabu ya Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki, basi wasichana wote wakimaliza masomo wanaruka madimbwi wanasema ni stipolchezi, zile mbio za kuruka viunzi na maji. Sare zinatoka matope, kufua ni sisi.

Bustani pia wamelima. Chakula cha mchana kwa shule za UPE ni juu ya wazazi, unapeleka mahindi na maharage au mtoto anashinda njaa, na kuna wazazi kweli hawana. Sasa klabu ya kilimo wakapanda sukuma na dodo, mchicha wetu, nyuma ya madarasa ili posho, yaani ugali, iwe na kitu kando. Ikaota vizuri sana. Halafu mbuzi wa jirani mmoja (namjua, anajijua, anasoma hapa) akaingia wikendi akala tuta mbili zote. Watoto wa P.4 wakaandika barua rasmi kwa mwenye mbuzi, yenye tarehe na "yahusu", wakampelekea nyumbani kwa maandamano. Yule mzee alicheka mpaka akatoa debe la mahindi. Mimi nasema hiyo ni somo la insha na somo la sheria pamoja, lakini haiko kwa ripoti.

Sasa nakuja kwa Mama wako.

Tarehe 7 mwezi wa saba ilikuwa siku ya Kiswahili duniani. Unakumbuka Mzee alivyokuwa anakichukia Kiswahili? "Lugha ya askari na wezi." Na ndivyo kizazi chao kilivyoona, Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, watu wakawa wanakisikia kwa kizuizi cha barabarani na bunduki ikiwa begani. Halafu 2005 kikaingia kwa katiba kuwa lugha rasmi ya pili, kikalala, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe lazima, praimari na sekondari. Kusema ni rahisi, walimu watoke wapi? Shule yetu bahati tumepata mmoja, Mnubi kutoka Bombo, mwembamba, mkali, anafundisha ngeli kwa vitu vya soko. Anashika nyanya, "hii ama hizi?" Anamwaga maji, "haya ama hii?" Na wewe unajua Kiswahili chetu cha Busia, bana, sisi kila kitu ni "hii", kitabu hii, maji hii, watu hii. Siku hizi siwezi kuongea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikisema "leta ile maji" nasikia kutoka jikoni, "yale, shangazi."

Basi siku hiyo wamepanga ngonjera, Mama na kijana mmoja wa P.7, mada ni panya. Si panya wa ghalani, panya zile njia zetu za kupitisha mizigo usiku. Kijana anatetea wabebaji, Mama ndiye ofisa wa forodha. Uwanja umejaa, wazazi wengi ni hao hao wabebaji, kuna mgeni rasmi kutoka manispaa kakaa kwa kiti cha plastiki chini ya hema. Kijana anasema, mama yangu amebeba sukari kilo ishirini mgongoni ili mimi nipate kalamu, wewe na kofia yako umemshika, lile lori la magunia mia tatu limepita mchana unalipigia saluti. Watu waaaa! Nikasema Mama amekwisha. Mtoto wako akavua ile kofia, ilikuwa ya karatasi, akajibu polepole kwamba hata yeye mama yake alibeba, na mshahara wake unatokana na ushuru anaoukusanya, sasa amshike nani, amwache nani? Akakaa. Hiyo laini ya mwisho haikuwa kwa karatasi, mwalimu mwenyewe aliniambia hakuiandika. Mgeni rasmi alipotezapoteza macho kidogo halafu akapiga makofi. Mimi nililia, na kamasi juu, na video niliyokurekodia ndiyo ile imetikisika uliyoniuliza "hii ni nini mbona siioni vizuri".

Na kabla hujasema ni maigizo tu, ngoja. Wiki mbili baadaye yuko na mimi kwa kibanda changu cha pesa za simu, amekuja dereva wa trela, mtu wa Mombasa, anatoa laki mbili kwa simu. Akaona makato akaanza kunigombeza kwa Kiswahili cha pwani kile kinachopaa, "wanila hela zangu wewe mama!" Mimi Kiswahili changu kikaisha njiani. Mama akasimama, akamwambia shikamoo kwanza. Akamweleza, kuna makato ya kampuni na kuna kodi ya serikali, nusu asilimia ya unachotoa, laki mbili nusu asilimia yake ni elfu moja, hii hapa, shangazi hajachukua hata shilingi. Yule mzee akamtazama. "Wewe kwenu Tanga?" "Kwetu hapa hapa, karibu na dampo." Akanunua soda tatu.

Sasa nenda kafungue ripoti niliyokutumia. Hesabu amepata 6. Kiswahili hakuna mahali pake kabisa kwa hizo agrigeti, maana PLE, mtihani wa kumaliza praimari, ni Kiingereza, hesabu, sayansi na SST (maarifa ya jamii) basi, Kiswahili kinafundishwa lakini hakihesabiwi. Kwa hiyo kitu mtoto anachokiweza kuliko wote hapa mtaani, kwa hiyo karatasi yako ni sifuri. Na huko kwenye basi la njano, nimeuliza, hawana mwalimu wa Kiswahili. Wana "priperesheni", kujisomea darasani, saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku.

Nikuongezee moja. Jirani yangu alipeleka wake kwenye shule moja kama hiyo, jina sitasema, alilipa P.5 na P.6 yote. Ilipofika P.7, wakati wa kuandikisha UNEB, baraza la mitihani, wakamwita wakamwambia mtoto ni dhaifu, tutamwandikisha kituo kingine, ili gazeti likitoa matokeo jina la shule libaki safi. Hela walishakula. Yule mtoto alifanya mtihani kwa shule asiyoijua hata choo kiko wapi. Na mtoto wa 23 unafikiri wangemfanya nini?

Sisemi shule yetu ni pepo. P.6 wako wengi mno darasani, sayansi mwalimu anafundisha kifaa kwa kuchora ubaoni, siku ya soko nusu ya darasa wako mpakani wanabeba, na hedimasta amefanya mikutano mitatu juu ya hilo na wazazi tunaitikia "ndiyo" halafu Alhamisi ni yale yale. Hesabu ya Mama inanisumbua na mimi. Nimeongea na yule mwalimu wa chapati, sasa yuko P.6, amekubali Jumamosi asubuhi wanne wanne, hataki hela nyingi, anataka tu wazazi wanunue chaki na vitabu.

Kwa hiyo pesa ya godoro usitume. Tuma ya vitabu vya mazoezi vya hesabu, na viatu vyeusi namba 37, miguu imekua, na kama inabaki mnunulie yule msichana wa fundi baiskeli raba, nitakutumia kipimo cha mguu wake.

Na Jumapili saa moja jioni piga video. Mama amejifunza shairi jipya, anasema AFCON ya 2027 ikija huku kwetu na Kenya na Tanzania atakuwa mkalimani wa wageni uwanjani, anataka akuoneshe. Saa za Doha na za Busia ni zile zile, kwa hiyo usije ukaniambia ulikuwa umelala.

Dada yako