Mwanangu, si karuho

Bukavu, Kadutu

Mwanangu,

Nasikia shangazi yako amekupigia simu mpaka huko Lubumbashi kukuambia nimelishwa karuho, ile sumu wanayosema watu hulishwa kwa siri. Usipande ndege. Soma kwanza.

Unakumbuka ile malaria yangu? Niliwekewa serumu (dripu) ya kinini kwenye kituo kimoja cha afya hapa mtaani. Serumu ikaisha, sindano ikabaki mkononi siku 5, eti huenda ikahitajika tena. Plasta ilipobanduliwa, chini yake palikuwa pekundu, na tone la usaha. Nikapangusa kwa kitambaa, nikaenda kazini. Ujinga wangu huo.

Homa ikarudi, ya kutetemesha kitanda. Nikanunua amoksisilini, ikatulia siku 3, kisha ikaja na kikohozi. Kila nikivuta pumzi ubavu unachoma, makohozi yana damu. Picha ya kifua ikaonyesha madoa ya mviringo mapafu yote mawili, mengine yametoboka katikati. Wote wakasema kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hamna.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyenikunja mkono wa shati akauliza, kovu hili la nini? Akanikataza kumeza kidonge chochote mpaka achote damu mara 3, maana dawa ya kubahatisha huficha mikrobi. Ikaonekana ni stafilokoki, hizihizi za majipu, zimeingia damuni kupitia ile sindano. Kwenye ekografi, ile picha ya moyo ukiwa unapiga, nilijionea: valvu (mlango wa damu) ya upande wa kulia wa moyo ina kitu kinapepea kama tambara lililonasa kwenye jiwe ziwani. Damu ya upande huo huenda moja kwa moja mapafuni. Vipande vikimeguka, mapafu huvinasa kama wavu unavyonasa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na pale vilipokwama hutunga usaha. Ingekuwa upande wa kushoto, vingeweza kupanda ubongoni.

Dawa ni ya mshipa, majuma 6. Leo ni siku ya 17. (Ndiyo, sindano tena! Hii naikagua mwenyewe kila asubuhi kabla muuguzi hajafika.) Homa imeshuka. Valvu inavuja, ndiyo sababu miguu imevimba. Habari ya upasuaji watanieleza baadaye.

Shangazi yako anakusikiliza wewe. Mwambie aache kuniletea ile chupa ya dawa ya kutapisha. Na hela ya tiketi uliyotenga, nitumie ninunue kloksasilini, hiyo dawa ya mshipa. Iliyopo inaisha Alhamisi.

Baba yako